Ubao Wako wa Kwanza Usiwe wa Picha

Wasee, leo nina deni na nataka kulilipa hadharani, kwa sababu hadharani ndiko nililikopa.

Wiki mbili zilizopita dada mmoja aliingia inboksi yangu. Ana miaka 27, anaishi Mombasa, ameajiriwa. Akaniambia aliona ile picha yangu ya Malindi, ile nimebeba ubao mweupe mwembamba kwapani, jua linachomoza nyuma yangu. Ikambamba. Akaweka akiba miezi minne, akanunua ubao unaofanana na huo. Ameingia nao majini wikendi tano na hajasimama hata mara moja. Swali lake lilikuwa fupi: "Wewe ilikuchukua muda gani kusimama kwa huo wako?"

Nilikaa na hiyo meseji siku mbili bila kuijibu. Kwa sababu jibu la ukweli ni kwamba sikuwahi. Huo ubao wa kwenye picha sikuwahi kusimama juu yake hata sekunde moja ya kuhesabika. Ile asubuhi niliingia majini dakika kumi, nikapigwa na mawimbi, nikameza chumvi, nikatoka, nikajipanguza uso, nikamwambia binamu yangu apige picha. Picha ndiyo kitu pekee huo ubao uliwahi kunipa.

Basi hii posti ni jibu lake, na ni jibu la kila mtu aliyeniuliza anunue ubao gani nikamjibu kwa kujifanya najua. Msimamo wangu nauweka hapa juu: kama wewe ni mtu mzima na ndio unaanza kuteleza kwenye mawimbi, ubao wako wa kwanza uwe mkubwa, mnene, wa sponji, na ukipata uliotumika ni sawa kabisa. Uwe ule unaoona aibu kidogo kuubeba. Na kabla hujanunua wowote, kodi.

Nilivyojiuzia

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nilitoka Nairobi nikaenda kukaa kwa shangazi yangu Malindi, nikisema naenda "kujipanga". Kusema kweli nilikuwa nakimbia maswali ya watu wa nyumbani. Huko nikaona watu wakiteleza kwenye ghuba, nikajiambia hiki sasa ndicho kitu changu.

Hata kuogelea vizuri sikuwa najua. Nilijifunza kwanza, ikanichukua miezi mitatu, na hapa sitanii: kama huwezi kuogelea mita 200 bila kushika kitu, acha kusoma hii posti sai, nenda ukajifunze. Ubao utakungoja. Kamba inayokufunga na ubao inaweza kukatika, na ikikatika unabaki wewe na bahari.

Nilipojua kuogelea nikasikia kuna mgeni huko Diani anarudi kwao na anauza vitu vyake. Jamaa mpole. Akaniuliza kama nimewahi kuteleza. Nikamwambia, "Eeh, kidogo." Hiyo "kidogo" ilinigharimu shilingi 38,000. Angejua ukweli nadhani angenikataza, maana ukutani alikuwa ameegemeza ubao mwingine wa buluu, wa sponji, mkubwa kama mlango, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya hiyo. Niliuangalia mara moja tu. Nikaona huo ni wa watoto na watalii. Nikachukua mweupe.

Ulikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 11, pua imechongoka, na umeandikwa lita 31. Wakati huo sikujua hizo lita ni za nini. Ningeuliza, lakini mtu ambaye ameteleza "kidogo" hawezi kuuliza swali kama hilo.

Hizo lita ndizo stori yote

Ubao una urefu, upana na unene. Ukiviweka pamoja unapata ujazo, na ujazo ndio huandikwa kwa lita. Ubao wa lita nyingi unakubeba juu ya maji. Ubao wa lita chache unazama nusu ukiulalia, kifua chako kinabaki ndani ya maji, na mikono inavuta kama unasukuma mkokoteni wa mawe kwenye matope.

Sasa wimbi halikungoji. Linakuja na kasi yake, na ili likubebe lazima uwe tayari una mwendo linapokufikia. Ubao mkubwa unapata huo mwendo mapema, hata kama mabega yako ni ya mtu wa kushinda kwenye simu. Ubao mdogo unachelewa. Wimbi linakupita, au linakuinua wakati umeshachelewa, pua inachimba chini na wewe unapinduka kichwa mbele.

Mchezaji wa kiwango cha juu mwenye kilo 74 kama mimi anaweza kutumia ubao wa chini ya lita 30 na akapepea. Lakini huyo amepiga maji kwa mikono tangu utotoni na anajua wimbi litavunjikia wapi kabla halijavunjika. Kwake udogo wa ubao ni uhuru wa kukata kona. Kwangu ilikuwa ni kuzama kwa bei ghali.

Kanuni ya kuanzia ni rahisi: lita zisipungue kilo zako. Una kilo 60, anzia lita 60 kwenda juu. Una kilo 75, tafuta kati ya 75 na 85. Ukiwa njia panda kati ya saizi mbili, chukua kubwa. Kwa urefu, futi 8 inatosha wengi wetu, na kama wewe ni mrefu sana au mzito, futi 9. Upana uwe kama inchi 22 au zaidi, ili usiyumbe ukiinuka.

Mtoto aliyenichoma

Malindi kuna watoto wanaocheza na mawimbi kwa vipande vya plaiwudi. Wanalala juu yake kwa tumbo, wimbi linawaleta mpaka mchangani, wanarudi. Kila jioni baada ya shule. Siku moja mmoja wao, labda miaka 11, akaniambia, "Bro, nipe huo nijaribu." Nikampa, na kiburi kidogo, nikijua ataona vile ni ngumu.

Wimbi la pili akasimama. Akateleza mpaka mchangani, akarudi nao akiwa amekumbatia, akaniambia kwa heshima zote, "Ubao wako ni mzuri sana. Kwani wewe huwa hutaki kusimama?"

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

Jioni hiyo niliamua kuacha. Nilijiambia hawa wamezaliwa na bahari, mimi nimezaliwa Donholm, yameisha. Na hapo nikashtuka kidogo, kwa sababu hayo maneno nilikuwa nimeshayasema tena, darasani, mwaka wa pili: wenzangu wamezaliwa na hesabu, mimi sikuzaliwa nayo. Kozi yangu niliichagua kwa jina. Ilikuwa inasikika vizuri mathe akiulizwa kanisani mtoto anasomea nini. Nilipoanza kuzama sikuuliza mtu, kwa sababu kuuliza kungeonyesha kwamba ninazama. Sisemi chuo ni kibaya, na usinitumie mimi kama sababu ya kuacha chako. Nasema tu kwamba nilikuwa nimefanya kosa moja mara mbili, na mara ya pili lilikuwa limeegemea mlango wa shangazi likianikiwa taulo.

Aliyeniokoa ni kocha mmoja wa pale ufuoni, mtu mzima, hana maneno mengi. Aliniona nimekaa na ubao juu ya mchanga akaniuliza maswali mawili: una kilo ngapi, na huo una lita ngapi? Nikamjibu. Akacheka. "Mdogo wangu, yule mtoto ana kilo 30 hivi. Huo ubao kwake yeye ni dau. Kwako wewe ni mwiko."

Nilikuwa nimemaliza miezi miwili nikiamini tatizo ni mimi. Kumbe ilikuwa ni hesabu ya kutoa na kujumlisha.

Na hapa ndipo mtu mzima anatofautiana na mtoto. Sisi tuna kilo nyingi, woga mwingi na muda kidogo. Mtoto anashinda majini kila siku. Wewe una Jumamosi, saa mbili, na Jumapili mgongo unauma. Kusimama kunajifunzwa kwa kurudia, na kila jaribio ni sekunde chache tu. Ukiwa na ubao unaokupa mawimbi matatu kwa asubuhi nzima, umejaribu mara tatu. Ukiwa na unaokupa ishirini, umejaribu mara ishirini. Hakuna kipaji kinachoshinda hiyo tofauti.

Siku iliyofuata nilikodi sponji wa futi 8. Wimbi la nne, kwenye lile povu jeupe la karibu na ufuo, nikasimama. Labda mita kumi. Kama nililia, maji yalikuwa usoni, hakuna ushahidi.

"Lakini sponji ni wa watoto"

Najua. Nilisema hivyo mwenyewe. Wacha nikupe historia kidogo.

Duke Kahanamoku wa Hawaii, ambaye alishinda dhahabu ya kuogelea mita 100 kwenye Olimpiki ya 1912, ndiye aliyezungusha huu mchezo ulimwenguni. Ubao wake mmoja maarufu ulikuwa na futi 16 na kilo zaidi ya 50. Alipoenda Australia kuonyesha watu, msimu wa joto wa 1914 kuingia 1915, alijichongea wa mbao ya msonobari, futi 8 na inchi 8. Mbao fupi nyembamba zilikuja kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hivyo ukibeba futi 8 hubebi kitu cha watoto. Unabeba saizi ambayo Duke aliona inatosha kufungua macho ya nchi nzima.

Na kama kuna mtu mtaani anakwambia huu ni mchezo wa wazungu, mwambie hivi: miaka ya 1640, Mjerumani anaitwa Michael Hemmersam aliandika kuhusu watoto wa Gold Coast, Ghana ya leo, waliokuwa wakiwekwa majini na mbao. Yeye alidhani wanafundishwa tu kuogelea. Wale watoto wa plaiwudi wa Malindi hawaigi mtu.

"Nitaukua haraka, kwa nini ninunue mara mbili?"

Hutaukua haraka. Ukiteleza wikendi tu, mwaka unaweza kuisha bado unajifunza kugeuka. Halafu angalia bahari yetu. Sehemu kubwa ya Pwani imezibwa na mwamba wa matumbawe, mawimbi yanavunjikia mbali huko nje. Ghuba ya Malindi iko wazi zaidi ndiyo maana yanatufikia, na yanakuja vizuri wakati wa kusi, katikati ya mwaka. Kaskazi ikiingia bahari inalala. Siku za mawimbi madogo, mwenye ubao mkubwa anateleza, mwenye ubao wa picha anapiga picha.

Na siku utakayoukua kweli, utauuza. Wanaoanza hawaishi.

"Sina doh"

Hata mimi sina, na ndiyo sababu nakwambia ukodi kwanza, hata mara tano sita. Hiyo pesa haijapotea. Utajua kama huu mchezo unakubamba au ulikuwa unabambwa na video tu. Ukiamua kununua, nunueni na mbogi: watu wanne, ubao mmoja wa sponji, mnapokezana. Kwanza ni vizuri, kwa sababu mmoja akiwa majini mwingine anamwangalia. Lakini tafadhali, usikope kwa simu ili ununue ubao. Riba haisubiri msimu wa kusi.

Ukienda kuuangalia

Ubao wa sponji uliotumika, fanya hivi. Pitisha mkono juu yake wote: ukisikia sehemu imevimba kama lengelenge, ngozi ya juu inaachana na ndani. Upindue uangalie tumbo katikati: mstari unaokata kutoka upande hadi upande maana yake umewahi kukunjika. Unyanyue: kama ni mzito kuliko unavyoonekana, umekunywa maji, uache. Tikisa mapezi, yasiwe yanacheza kwenye skrubu. Vuta kamba ya mguu uangalie kama ina mkato. Kamba ni rahisi kubadilisha, na urefu wake uwe karibu sawa na wa ubao. Nta, kama utahitaji, iwe ya maji ya joto. Ile ya maji baridi kwa jua letu itayeyuka kama siagi. Na usiuache ubao juani au ndani ya gari lililofungwa mchana, joto linauchanachana tabaka.

Halafu kuna hili, na hapa nabadilisha sauti. Ubao wa sponji ukimgonga mtu, anaumia lakini anarudi nyumbani. Ubao wa faiba una pua kama mkuki na mapezi makali. Siku moja nilianguka, ule mweupe ukachomoka, ukaruka, ukapita karibu sana na kichwa cha mmoja wa wale watoto. Hakuguswa. Alicheka, akaendelea kucheza. Mimi nilitoka majini miguu ikitetemeka. Anayeanza hana uwezo wa kuushika ubao wake, na kwenye ghuba yetu anaanzia palepale ambapo watoto wa watu wanaogelea. Kama hayo mengine yote hayajakushawishi, chukua sponji kwa sababu ya hilo moja.

Nilichofanya

Ule mweupe niliuza kwa jamaa mwepesi ambaye anateleza miaka mingi. Nilimwambia kila kitu, mpaka taulo. Nilipata 30,000. Nikanunua wa kijani, sponji, futi 8, umekwaruzwa kila mahali, kwa 17,000. Shangazi aliuangalia akasema, "Huu sasa ni mkubwa, hata mashuka yatatosha."

Ile picha sijaifuta. Nimebadilisha maneno ya chini yake. Sasa yanasema: ubao huu sikuwahi kusimama juu yake, soma posti yangu kabla hujanunua.

Na yule dada nilimjibu. Nilimwandikia ukweli wote kama nilivyouandika hapa. Alinyamaza siku nzima, halafu akaandika, "Umenipotezea miezi minne." Sikuwa na la kujitetea. Nilimwambia pole, nikamwambia nitamtafutia mnunuzi wa ubao wake bure, na kabla haujauzwa, wangu wa kijani ni wake kila wikendi atakayokuja.

Jumamosi hii anakuja na basi la asubuhi. Ana kilo 63, wa kijani una lita 82. Nimeshaangalia kamba, nimeshakaza mapezi. Atakuwa amelala juu yake kwenye povu, mimi nimesimama maji kiunoni nimeushika mkia, nikingoja wimbi zuri ndipo niachilie.

Wewe je, ni kitu gani ulichagua kwa sababu ya vile kingeonekana, na sai kimeegemea mlango? Niambie hapo chini. Sitacheka. Mimi nilishachekwa na watoto, najua inavyouma.